Linux inakwama baada ya GRUB kwa sababu draiva ya diski haipo: mwongozo kamili wa kuirudisha bila kuformati

Wakuu, hii imewakuta wengi, hasa tangu Broadcom wainunue VMware mwishoni mwa 2023 watu wakaanza kuhamisha VM zao (kompyuta za kuigizwa ndani ya seva) kwenda Proxmox, mfumo mwingine wa kuendesha VM. Umehamisha vizuri, umewasha, GRUB (menyu ya kuwashia Linux) inatokea kama kawaida, unachagua kerneli (kiini cha Linux), mistari miwili mitatu inapita halafu kimya. Dakika mbili tatu hivi ndo inaanza kutema hii:

```
dracut-initqueue[247]: Warning: dracut-initqueue timeout - starting timeout scripts
Warning: /dev/centos/root does not exist
Warning: /dev/mapper/centos-root does not exist
Entering emergency mode.
dracut:/#
```

Mimi nilikutana nayo 2024 kwenye CentOS 7 ya mteja, ilikuwa imebeba programu ya hesabu ya miaka kama sita, na jamaa niliyekuwa naye usiku ule akasema "kaka diski imekufa hii, tuinstoo upya". Nilimshika mkono. Diski ilikuwa nzima kabisa na data yote ilikuwepo, tulichokosa ni faili moja dogo la draiva. Ndo maana naandika hii, kwa sababu najua kuna seva zinaformatiwa kila wiki kwa ugonjwa unaotibika kwa nusu saa.

Kwanza elewa kinachotokea, vinginevyo utabahatisha tu

Swali ambalo kila mtu anauliza: kama diski haionekani, mbona GRUB imetokea, si nayo iko kwenye diski hiyo hiyo? Jibu ni kwamba GRUB inaazima macho ya BIOS au UEFI. Haina haja ya draiva ya Linux, inamwomba BIOS "nisomee hapa", BIOS anasoma. Kwa njia hiyo GRUB inapakia vitu viwili kwenye memori: kerneli yenyewe na faili linaitwa initramfs. Kerneli ikishaanza kazi hayo macho ya kuazima hayatumiki tena, inatakiwa ione diski kwa macho yake, yaani draiva ya kontrola ya diski.

Sasa draiva nyingi ni moduli, zinakaa kwenye /lib/modules, na /lib/modules iko ndani ya diski ambayo bado haijaonekana. Ni sawa na ufunguo wa sanduku kufungiwa ndani ya sanduku lenyewe. Initramfs ndo ufunguo wa akiba, ni kifurushi kidogo chenye draiva za mwanzo za kumwezesha kerneli afikie patisheni ya root, yaani ile yenye mfumo wenyewe. Kama draiva ya kontrola yako mpya haimo kwenye hicho kifurushi, basi umekwama hapo mlangoni.

Kwa nini isiwemo? Kwa sababu CentOS, RHEL, Alma, Rocky na Fedora wanatumia dracut, na dracut kwa kawaida inatengeneza initramfs ya mashine ile ile tu iliyopo. Inaangalia vifaa vya sasa, inaweka draiva zake, basi. Kwenye VMware diski ilikuwa nyuma ya kontrola ya PVSCSI kwa hiyo ndani kuna `vmw_pvscsi`, ukifika Proxmox kontrola ni virtio (aina iliyobuniwa kwa ajili ya VM) na `virtio_scsi` haimo. Debian na Ubuntu kwa kawaida wanaweka draiva nyingi zaidi kwa hiyo huwa wanapona, isipokuwa kwenye Debian wakati wa kuinstoo ulichagua ile ya draiva za mashine hii tu. Ukichagua hivyo inaandikwa `MODULES=dep` kwenye /etc/initramfs-tools/conf.d/driver-policy, na hilo faili linashinda lile kuu la initramfs.conf, watu wanabadilisha kule halafu wanashangaa hakibadiliki kitu.

Soma skrini, kila ujumbe una maana yake

Usikimbilie dawa kabla hujajua ugonjwa. Piga picha ya skrini kwa simu, utaihitaji.

Ukiona `dracut:/#` na "does not exist" hapo juu, uko kwenye familia ya CentOS na initramfs imefanya kazi yake ila haikuipata root. Ukiona `(initramfs)` na maneno "Gave up waiting for root file system device" au "ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!" hiyo ni Debian au Ubuntu, ugonjwa ule ule.

Lakini ukiona "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", hapo mara nyingi tatizo ni tofauti kidogo, initramfs yenyewe haikupakiwa kabisa au imeharibika. Sababu ninayoikuta sana ni /boot kujaa, kerneli mpya ikaingia lakini initramfs yake ikakosa nafasi ya kuandikwa. Dawa yake: rudi kwenye menyu ya GRUB, washa kerneli ya zamani, angalia `df -h /boot`, ondoa kerneli kuukuu, tengeneza initramfs upya. Hiyo tumemaliza.

Na kama hata GRUB haijatokea, huu mwongozo si wako, angalia kama VM ya zamani ilikuwa ya BIOS na wewe umeiweka UEFI, au kinyume chake.

Hatua ya 1: thibitisha ukiwa hapo hapo kwenye sheli ya dharura

Andika:

```
cat /proc/partitions
cat /proc/cmdline
```

Ya kwanza ndo kipimo chenyewe. Ukiona sda, vda au nvme0n1 na patisheni zake, basi diski inaonekana na draiva ipo, tatizo lako ni kingine, labda UUID (namba ya utambulisho wa patisheni) imebadilika, au LVM (mfumo wa kugawa diski kwa volumu) haijaamka (jaribu `lvm vgchange -ay` kwenye dracut, ikiamka andika `exit` inaweza kuendelea yenyewe), au ni diski ya USB inayochelewa kuamka, hiyo ongeza `rootdelay=15` kwenye mstari wa kerneli. Ukiona hakuna kitu zaidi ya vichwa vya safu, sawa, kerneli haioni diski.

Sasa tujue ni kontrola gani. `lspci` humo ndani huwa haipo, lakini /sys ipo:

```
for d in /sys/bus/pci/devices/*; do echo $d $(cat $d/class $d/vendor $d/device); done
```

Tafuta mstari ambao namba ya kwanza inaanza na 0x01, hiyo ndo familia ya vifaa vya kuhifadhi data. Usiku ule kwangu ulitoka huu:

```
/sys/bus/pci/devices/0000:00:05.0 0x010000 0x1af4 0x1004
```

1af4 ni virtio, 1004 ni virtio-scsi. Nikaangalia `ls /sys/bus/pci/devices/0000:00:05.0/` na ndani hakuna kitu kinaitwa `driver`, maana yake kifaa kipo kwenye basi la PCI ila hakuna draiva iliyokishika. Nikajaribu `modprobe virtio_scsi`, ikajibu haipo. Hapo ushahidi umekamilika, huna haja ya kubahatisha tena.

Namba za kukusaidia: 0x0106 ni SATA (draiva `ahci`), 0x0108 ni NVMe (draiva `nvme`), 0x0104 ni RAID (mara nyingi `megaraid_sas`, `hpsa`, `smartpqi`, au `vmd` kwenye laptop za Intel), 0x0107 ni SAS (`mpt3sas`). Muuzaji 15ad ni VMware. Ukiwa Hyper-V hutaikuta kwenye PCI, draiva yake ni `hv_storvsc`.

Hatua ya 2: jaribu njia ya mkato kabla ya kutafuta flashi

Kwenye menyu ya GRUB ya CentOS, Alma na wenzake kuna mstari wa mwisho wenye neno rescue. Ile initramfs yake ilitengenezwa siku ya kuinstoo ikiwa na draiva nyingi, haikubanwa kwa mashine moja. Ichague. Mara nyingi inawaka moja kwa moja mpaka login. Kwenye Arch kuna fallback, kama ipo, kazi yake ni hiyo hiyo.

Na kwa waliohamia Proxmox kuna njia nzuri zaidi ambayo naipenda kuliko zote: badala ya kumpa kerneli draiva mpya, mpe kontrola anayoijua. Proxmox inaweza kuigiza kontrola ya PVSCSI ya VMware. Zima VM, kisha kwenye hosti (105 ni namba ya VM, weka yako):

```
qm set 105 --scsihw pvscsi
```

Diski iwe imeunganishwa kama scsi0, na scsi0 iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa kubuti. Washa. Kama kule VMware ilikuwa PVSCSI itawaka kama vile haijahama. Kama kule ilikuwa kontrola ya LSI, jaribu kuiunganisha diski kama sata0 au ide0, kwa sababu VM nyingi za VMware zilikuwa na CD-ROM, na draiva ya CD-ROM ile iliingia kwenye initramfs bila mtu kukusudia.

Ikiwaka, usishangilie ukaiacha hivyo. Ingia kama root uende hatua ya 4 ukatengeneze initramfs, halafu uirudishe kwenye virtio, inafanya kazi vizuri zaidi na ndo inayotumiwa na wengi.

Hatua ya 3: njia ndefu, flashi au ISO na chroot (kuingia kwenye mfumo wa diski ukiwa umewasha kwa flashi)

Kama mkato umegoma au ni mashine ya chuma (kompyuta halisi, siyo VM), washa kwa ISO ya live, Debian live au SystemRescue au hata ISO ya kuinstoo ya distro yako. Kerneli ya live huwa na draiva karibu zote kwa hiyo mara nyingi diski itaonekana. Anza na:

```
lsblk -f
lspci -nnk
```

Hiyo ya pili ni dhahabu, kila kontrola itakuonyesha "Kernel driver in use" na jina la draiva. Liandike kwenye karatasi, ndo unalolitafuta. Kama hata live haioni diski, simama hapo, nenda kwenye sehemu ya mashine za chuma chini.

Halafu amsha LVM kama ipo na upande patisheni. Majina ya patisheni hapa ni mfano wangu, weka yako uliyosoma kwenye lsblk:

```
vgchange -ay
mount /dev/centos/root /mnt
mount /dev/sda1 /mnt/boot
mount /dev/sda2 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do mount --bind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt /bin/bash
```

Mstari wa efi ni kwa mwenye UEFI tu. Lakini wa /boot, tafadhali, usiuruke kama /boot yako ni patisheni ya peke yake. Ukiusahau, initramfs mpya itaandikwa kwenye folda tupu ya /boot iliyopo ndani ya root, komandi itamaliza bila kulalamika hata kidogo, utawasha upya na utakuta kosa lile lile, na utaamini dawa haifanyi kazi. Kabla ya kuendelea piga `ls /boot` uone vmlinuz kwa macho yako.

Hatua ya 4: tengeneza initramfs, na hapa ndo wengi wanaanguka

Ndani ya chroot `uname -r` inakupa kerneli ya flashi, siyo ya seva yako. Ukiwa umewasha kwa ile rescue ya GRUB pia inaweza kuwa tofauti. Kwa hiyo ile komandi ambayo kila mtu anaikopi yenye `$(uname -r)` ndani hapa haifai. Angalia kilichopo kweli:

```
ls /lib/modules
```

Chukua ile unayotaka iwake, kwa CentOS 7.9 mfano:

```
KV=3.10.0-1160.el7.x86_64
cp /boot/initramfs-$KV.img /root/
dracut -f --add-drivers "virtio_pci virtio_blk virtio_scsi" /boot/initramfs-$KV.img $KV
```

Kopi ya zamani naiweka /root makusudi, siyo /boot, ili isijaze nafasi. Kama hujui draiva ipi hasa au unategemea kuhamahama, tumia `dracut -f --no-hostonly /boot/initramfs-$KV.img $KV`, inaweka draiva karibu zote, faili linakuwa kubwa zaidi basi, kwa seva ya kawaida hiyo si shida.

Debian na Ubuntu:

```
printf "virtio_pci\nvirtio_blk\nvirtio_scsi\n" >> /etc/initramfs-tools/modules
update-initramfs -u -k all
```

Na kama driver-policy ilikuwa na `dep` ibadilishe iwe `most` kabla ya hiyo ya pili. Arch: weka majina kwenye MODULES=() ndani ya /etc/mkinitcpio.conf halafu `mkinitcpio -P`.

Usiwashe upya bado, hakikisha kwanza:

```
lsinitrd /boot/initramfs-$KV.img | grep virtio
```

Debian ni `lsinitramfs /boot/initrd.img-...` na grep hiyo hiyo. Unataka uone virtio_scsi.ko au virtio_scsi.ko.xz kwa jina. Isipoonekana usikate tamaa hapo hapo, inawezekana imejengwa ndani ya kerneli yenyewe, angalia `grep virtio /lib/modules/$KV/modules.builtin`. Ikiwa haipo kwenye initramfs, haipo kwenye builtin, na haipo kwenye /lib/modules kabisa, basi kerneli uliyonayo haina hiyo draiva. Hii inawakuta waliotoa VM ya wingu kuipeleka kwenye mashine ya chuma: Debian wana kerneli ya cloud iliyopunguzwa draiva za vifaa halisi, na Ubuntu draiva nyingi ziko kwenye pakiti ya linux-modules-extra. Ukiwa ndani ya chroot instoo linux-image-amd64 kwa Debian au linux-generic kwa Ubuntu, shida imekwisha.

Mwisho:

```
exit
umount -R /mnt
```

Toa flashi, washa.

Imewaka lakini mtandao hakuna, au diski nyingine hazipandi

Usiogope, hii ni kawaida. Kadi ya mtandao imebadilika jina, VMware ilikuwa ens192 sasa ni ens18 au jina jingine, rekebisha kwenye mipangilio ya mtandao ukiwa kwenye konsoli. Kama /etc/fstab ina /dev/sdb1 na sasa ni /dev/vdb1, itagoma kwenye dharura nyingine, weka UUID kutoka `blkid`.

Wenye RHEL 9, Alma 9 au Rocky 9 na LVM, kuna jambo jingine: LVM ya huko inaweka orodha ya diski zinazoruhusiwa kwenye /etc/lvm/devices/system.devices, na ukihama utambulisho wa diski unaweza kubadilika, kwa hiyo draiva ipo, diski inaonekana kwenye /proc/partitions, ila volumu haziamki. Ukiwa kwenye chroot hamisha hilo faili pembeni, piga `vgimportdevices -a` litengenezwe upya, halafu rudia dracut kwa sababu nakala yake inaingia kwenye initramfs.

Mashine za chuma

Laptop za Intel kuanzia kizazi cha 11 nyingi zina kitu kinaitwa VMD kwenye BIOS, NVMe inakaa nyuma yake na bila moduli ya `vmd` kerneli haioni kitu. Ongeza `vmd` na `nvme` kwenye initramfs, au zima VMD. Za zamani kidogo zina mpangilio wa RAID badala ya AHCI, na kwenye dmesg utaona "Found 1 remapped NVMe devices", hapo lazima ubadilishe BIOS iwe AHCI. Lakini kama kuna Windows pembeni iandae kwanza kabla hujagusa, la sivyo yenyewe ndo itagoma kuwaka na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, utakuwa umetibu jicho ukaumiza sikio.

Seva za mitumba, ambazo huku kwetu ni nyingi, zina mtego wake. RHEL 8 na ndugu zake waliondoa kadi nyingi za zamani kwenye draiva za `megaraid_sas`, `mpt3sas` na `hpsa`. Draiva inapakia vizuri bila kosa lakini kadi yako haimo tena kwenye orodha yake, kwa hiyo hata utengeneze initramfs mara kumi diski haitatokea. Dalili ni kwamba CentOS 7 inaiona, Debian live inaiona, Alma 8 haioni. ELRepo, hazina ya pakiti za ziada za RHEL na ndugu zake, wanatoa moduli za kmod zinazorudisha kadi hizo, pamoja na diski za draiva za kutumia wakati wa kuinstoo kwa `inst.dd`. Kama Secure Boot imewashwa itabidi uandikishe ufunguo wao kwa mokutil kwanza, vinginevyo kerneli inaikataa. Kwa mashine ya zamani namna hiyo, mimi binafsi naweka Debian tu.

Kama bado hujahama, fanya hivi leo

Mashine ikiwa bado inawaka kule kule ilipo, kazi yote hii ni ya dakika tano. Tengeneza faili /etc/dracut.conf.d/uhamisho.conf, lazima liishie na .conf, ndani uweke:

```
add_drivers+=" virtio_pci virtio_blk virtio_scsi "
```

Zile nafasi baada ya alama ya kufungua na kabla ya kufunga ni za lazima, usiziondoe, kwa sababu mstari huu unaungwa na mingine na bila nafasi majina yanagandana. Kisha `dracut -f --regenerate-all`, hakiki kwa lsinitrd kama juu. Faili ni bora kuliko kupiga komandi peke yake, maana kerneli ikijiapdeti kesho kabla hujahama, initramfs mpya itatengenezwa bila virtio na utakuwa umerudi ulikotoka. Wa Debian ile /etc/initramfs-tools/modules inatosha, inabaki yenyewe.

Ile CentOS 7 ya mteja iliwaka saa saba kasoro usiku kwa njia ya pvscsi, nikaweka virtio, nikaizima na kuiwasha mara mbili kuhakikisha, ndo nikamwambia yule jamaa afungue programu ya hesabu aangalie ankara ya mwisho ya jana yake. Ilikuwepo.